Kioo Kwenye Kona ya Ghala

Naim Osman alinipigia simu Kitale siku ya Alhamisi, Desemba 2009, akaeleza shida yake vizuri kuliko wateja wangu wengi. Walikuwa na nyumba mbili ndani ya ua mmoja mjini Bungoma, karibu na msikiti. Mtandao uliingia kwenye ofisi iliyo mbele, kando ya barabara. Mama yake, Khadijo, alikaa nyumba ya nyuma, na mawimbi ya ruta hayakufika huko. Katikati palikuwa na ghala la mahindi.

"Mama hawezi kuja ofisini?" nilimwuliza.

"Yuko eda, madam. Mzee alifariki mwezi uliopita. Hatoki."

Nilijua maana yake: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba ya marehemu, bila manukato, bila wanja. Nikamwuliza kwa nini jambo lisingoje mwaka mpya.

"Dada yangu Fardosa amejifungua huko Uswidi. Jumamosi adhuhuri mtoto ananyolewa. Mama anataka kumwona na nywele alizozaliwa nazo. Zikitolewa si ndiyo basi."

"Picha?"

"Ametumiwa picha. Anasema picha haigeuki."

Sehemu kubwa ya kazi yangu ya kufunga mitandao Kitale ilikuwa kwenye nyumba za mashamba zilizoachwa na walowezi, zenye kuta za mawe ya kuchongwa, pana kiasi kwamba paka hulala dirishani akanyoosha miguu. Antena kubwa ilikuwa imenitosha karibu kila mara. Nikapakia antena, nikafika Bungoma Ijumaa.

Ofisi ilikuwa kama marehemu Osman, baba yake Naim, alivyoiacha. Kiti chake kilikuwa nyuma ya meza, kofia yake imetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Naim alifanyia kazi kwenye stuli pembeni. Nilifunga antena, nikatembea na kompyuta. Uani mawimbi yalikuwa mazuri. Mlangoni mwa ghala, mazuri. Nyuma ya ghala, hakuna kitu.

Wabwile, msimamizi wa ghala, alikuwa ameegemea nguzo akinitazama. "Madam, umetoka Kitale na hiyo fimbo ati utoboe gunia?"

"Natoboa ukuta."

"Haya. Toboa tuone."

Khadijo alinipokea chumbani kwake kwa chai ya maziwa. Mwanamke mrefu, shungi jeupe, sauti ya chini. Kulikuwa kimya huko nyuma kuliko nilivyotarajia katikati ya mji. Magari ya barabarani yalisikika kama maji ya mbali, na harufu ya mahindi iliingia dirishani, tamu kidogo, kama mkate ambao haujaiva.

"Mwezi wa nane ilifika," alisema.

"Nini kilifika?"

"Hiyo mtandao yenu. Osman aliweka kompyuta hapa hapa, tukaongea na Fardosa mpaka chai ikapoa."

Niliweka kikombe chini. Kuta za Agosti zilikuwa kuta zile zile. Nikatoka kumwuliza Wabwile ni nini kilichobadilika tangu wakati huo, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Si stoo ilikuwa tupu, bana! Agosti utapata mahindi wapi? Hii yote imetoka Tongaren juzi juzi. Mzee mwenyewe alisimamia, gunia kwa gunia. Na iko na maji, hii, bado haijakauka."

Hapo palikuwa na jibu. Maji hunywa mawimbi ya ruta, na gunia la mahindi mabichi ni maji yaliyofungwa ndani ya punje. Osman aliyaleta mawimbi hadi kwa mkewe, kisha akayazuia kwa mavuno, bila kujua, kisha akafa.

"Ondoeni safu moja tu, upande huu," nilimwambia Naim.

"Haiwezekani, madam. Mpaka mirathi igawanywe, hata gunia moja halitoki. Wazee wamesema."

Kilichobaki kilikuwa waya wa kuzunguka ghala. Waya wangu ulitosha kuifikisha ruta kwenye dirisha la ofisi linalotazama uani, basi. Madukani Bungoma tulipata waya wa simu tu. Nilimpigia Kigen, mwenzangu wa Kitale. Akasema waya mrefu ungefika Jumatatu.

Khadijo alisikia. "Jumatatu atakuwa na kipara," alisema.

Tuliketi. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, karibu sana, kisha ua ukatulia. Ndipo doa la nuru likatokea darini juu ya kitanda chake. Lilikuwa jeupe, linatetemeka, linapasuka vipande na kuungana tena. Tulilitazama wote wawili kwa muda.

"Huja saa hii," Khadijo alisema. "Osman alikuwa akisema malaika wanaoga."

Nilisimama dirishani kutafuta linakotoka. Kwenye kona ya ghala Naim alikuwa akitawadha kando ya karai la maji. Jua lilikuwa upande wa ofisi, sisi tulikuwa nyuma ya ghala, na bado nuru yake ilikuwa juu ya kitanda, kwa sababu karai lilikaa mahali panapoonekana kutoka pande zote mbili. Uso bapa wa metali huyafanyia mawimbi vile vile maji yanavyolifanyia jua. Mabati yalikuwepo, lakini yenye migongo, na migongo hutawanya. Kioo ni bora. Nyuma yake kina utando wa metali, tena unaweza kukilenga kwa macho: unachokiona ndani yake, mawimbi nayo yanakifikia.

"Mama, una kioo kikubwa?"

Aligeuka kuutazama mlango. Nyuma ya mlango kulikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kwa shuka, kimegeuzwa kuelekea ukutani.

"Nimekigeuza mwenyewe," alisema. "Sina haja ya kujitazama mpaka eda iishe."

"Hakitakutazama wewe. Kitatazama ofisi."

Alifikiri. Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu nifike. "Haya, kichukueni. Kioo hakijafiwa."

Jumamosi asubuhi Naim na Wabwile walikibeba uani kikiwa kimelala chali. Nilitembea nyuma yao. Ndani yake ilipita mbingu yote ya Bungoma, polepole, kama kitu kinachomwagwa: wingu, mnara wa msikiti ukiwa kichwa chini, kunguru mmoja, ukingo wa paa. Wabwile alikuwa akichungulia ndani huku akitembea kwa uangalifu, kama anayeogopa kutumbukia.

Wakakisimamisha kwenye kona. Khadijo aliketi mahali pake dirishani, kompyuta mbele yake, nami nikasimama kando yake.

"Unaona nini, Mama?"

"Mabati."

"Kushoto kidogo!" nikapaza sauti.

"Sasa naona tumbo la Wabwile."

"Mama, si ni chakula yako hiyo!" Wabwile alijibu kutoka nyuma ya fremu. "Mimi nalisha tu."

"Rudi nyuma basi, limejaa kioo chote."

Kioo kikageuka kidogo. Ukuta ukapita, mlango ukapita.

"Umeona dirisha la ofisi?"

"Naona kiti chake," alisema. "Na kofia."

Asubuhi aliyofariki, Osman alitoka kwenda kukikalia kiti hicho, akarudishwa amebebwa. Tangu hapo Khadijo hakuwa ameiona ofisi. Nilitazama kompyuta, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu: mawimbi yalikuwa yamefika, si mengi, lakini yanatosha.

"Hapo hapo. Kazeni kwa matofali."

Adhuhuri Fardosa akatokea. Nyuma yake dirisha lilikuwa na theluji, nuru ya kibuluu, na mtoto alikuwa amelala kifuani mwake.

"Hooyo, unaniona?" alimwita mama yake kwa Kisomali.

"Nakuona. Mgeuze."

Fardosa akamgeuza mtoto. Nywele zilikuwa nyingi, nyeusi, laini, zimelala kisogoni kama majani yaliyopitiwa na maji. Khadijo alisogeza uso mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye skrini. Alikuwa ameanza kusema neno fulani pale picha ilipoganda.

Niliangalia uani. Kioo hakikusogea. Ndani yake, dirisha la ofisi lilikuwa limejaa kifua cha Naim. Alikuwa amesimama mbele ya ruta, akichungulia kama mambo yanaenda sawa. Mwili wa mtu nao ni maji.

Khadijo alimwona kabla sijasema. "Wabwile! Mwambie Naim aketi."

Ujumbe ukaenda, jibu likarudi: "Anasema stuli ameikalia mgeni!"

Khadijo alitazama kioo. Wembe ulikuwa unasubiri Uswidi, na picha ilikuwa bado imeganda.

"Mwambie kiti kipo."

Ndani ya kioo tulimwona Naim amesimama, ameinamisha kichwa. Kisha akaishika kofia, akaketi, akaiweka magotini. Kompyuta ikatoa sauti. Mtoto akasogeza kichwa.

"Hooyo? Ulikuwa umepotea."

"Nipo. Mnyoeni sasa. Bismillah."

Shungi la kwanza la nywele likaanguka kwenye kitambaa cheupe bila sauti. Khadijo alilitazama, kisha akatazama nje, kisha akarudi kwa mtoto, na aliendelea hivyo mpaka kichwa kikawa kitupu, chenye kung'aa.

Jumatatu Kigen alileta waya. Tuliupitisha pembeni mwa ghala, tukaweka ruta ya pili chumbani, na mtandao ukawa imara kuliko Agosti. Nikamweleza Khadijo kwamba kioo hakikuhitajika tena na kingeweza kurudi ndani kabla ya mvua.

"Waya ni sawa," alisema. "Kioo kiache."

Nilipita hapo mwishoni mwa Machi, eda ilipokuwa karibu kwisha. Mahindi yalikuwa yameuzwa na ghala lilikuwa tupu. Kioo kilikuwa bado kwenye kona, utando wake umeanza kubanduka upande wa chini ambako mvua ilikirukia. Nilisimama dirishani pa Khadijo nikakipima kwa macho. Naim alikuwa ndani yake, ameketi kwenye kiti cha baba yake, anaandika.