Rudi Nje Uingie Tena

Katika mtaa wote wa Saint-Jean, Lyon ya zamani, hakuna aliyeijua adabu kumshinda Odile Buffard, na kama alikuwepo basi alikaa kimya, maana Odile hakupenda kushindana. Alikuwa mfamasia. Duka lake la dawa lilibanwa kati ya mwoka mikate na muuza jibini, na watalii walipita mbele yake kutwa nzima, shingo juu, wakiyakodolea macho madirisha ya watu. Miguu ikiwauma kwa yale mawe ya barabarani, waliingia dukani na neno moja tu mdomoni: "Plasta?" Salamu hakuna. Sasa Mfaransa ukimwomba kitu bila kumwambia kwanza bonjour, umemtukana, na Odile alikuwa Mfaransa mara mbili.

Dawa yao alikuwa nayo. Aliunyoosha mkono kuelekea mlangoni akasema, "Rudi nje, uingie tena." Wengi walicheka, wakatoka, wakaingia upya na bonjour yao, na wateja wa siku zote wakawapigia makofi. Bwana Chazot, mstaafu aliyekuja kuchukua vidonge vya presha na kubaki kwa ajili ya umbea, alisema mchezo ule unaishinda televisheni.

Sifa zikaenea hata chama cha wenye maduka kikamwomba aandike karatasi ya kuwapa wageni wanaofika mjini mara ya kwanza. Odile aliiandika kwa raha zake, upande mmoja Kifaransa, upande wa pili Kiingereza. Salamu kwanza, kabla ya neno jingine lolote, na ukiondoka uage watu wote waliomo, hata usiowajua. Matunda ya sokoni usiyatomase, mwuzaji atakuchagulia. Mkate weka juu ya kitambaa cha meza, usiweke kwenye sahani. Ukialikwa chakula cha jioni usifike kwa saa uliyoambiwa, utamkuta mwenyeji wako na taulo kichwani, chelewa kidogo. Na jibini usiikate ncha, maana ncha ndiyo tamu na hukuja peke yako. Chini kabisa akaweka jina lake na la mtaa. Karatasi zikapangwa kwenye mapokezi ya kila hoteli, naye Odile akawa anatembea kifua mbele, kana kwamba adabu yenyewe ameizaa yeye.

Ikafika Septemba, msimu ambao nyigu huvamia kila kitu kitamu. Siku hiyo Odile alikuwa akimweleza Bwana Chazot namna ya kugawa vidonge vyake vipya, na nyuma yake walisimama wanawake wawili wa mtaani, wakati mlango ulipofunguka kwa kishindo. Aliingia mwanamume wa makamo, mnene kidogo, kofia ndogo nyeusi yenye nakshi nyeupe kichwani. Alikuwa anahema. Aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo, kisha maneno yakamtoka kwa Kiingereza cha kuokoteza.

"Tafadhali. Mke wangu..."

"Bonjour," alisema Odile.

"Mke wangu, hapo nje, pumzi..."

"Bonjour, Bwana."

Mwanamume aliangalia nyuso zile moja baada ya nyingine. Hakujua anatakiwa kufanya nini. Akaweka tena kiganja kifuani, na Odile akaona anaigiziwa, akaona huyu ni mmoja wa wale wanaodhani machozi yanapita mbele ya foleni. Wateja walikuwa wanamtazama wakimngoja afanye yake. Bila wao pengine asingefanya, lakini walikuwepo.

"Rudi nje," alisema akionyesha mlango, "uingie tena."

Yule mwanamume alichoelewa ni mkono. Alifukuzwa. Akatoka.

"Huyu hata kucheka hajui," alisema Bwana Chazot.

"Atarudi. Wote hurudi."

Hakurudi. Kupitia kioo Odile aliona mgongo wake umeinama kwenye benchi la upande wa pili, akadhani anafunga kamba za viatu. Akarudi kwenye boksi la vidonge, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kimoja asubuhi, kimoja jioni. Alikuwa bado hajamaliza pale Josiane, msaidizi wake wa miaka mingi aliyekuwa ametoka kununua mkate, alipousukuma mlango kwa bega.

"Odile! Kuna mwanamke anakufa hapo nje, nanyi mmekaa mnachekeana?"

Alikimbia, hilo tumpe haki yake. Alinyakua sindano ya dharura kabatini akavuka barabara bila kutazama magari. Mwanamke alikuwa amelala benchini, midomo imevimba, uso umeumuka kama unga uliotiwa hamira, na chini yake kipande cha keki ya plamu alichokuwa anakula, nyigu bado wakikizunguka. Mmoja alikuwa amemuuma ndani ya mdomo. Pumzi ilipita kwa mluzi mwembamba. Odile alimchoma sindano pajani, juu ya nguo, akamshika mkono, akamwambia kwa Kifaransa asiogope, neno ambalo mwenzake hakulielewa. Mume alipiga magoti pembeni akiomba kwa lugha yake. Gari la zimamoto lililoitwa na Josiane, maana huko wao ndio hubeba wagonjwa wa dharura, lilipofika, mluzi ulikuwa umeanza kulegea.

"Umefanya kazi nzuri, Bibi," mkuu wa zimamoto alimwambia wakimpakia mgonjwa. "Mngekawia kidogo tu, tungekuwa na habari nyingine."

Mngekawia kidogo. Odile alirudi dukani na maneno hayo yamemkaa kooni, na yeye hakuumwa na nyigu yeyote.

Jioni haijafika, Bwana Chazot alikuwa ameshaizungusha habari mtaa mzima, na kama kawaida yake alichagua kipande cha kusimulia. Sindano aliisimulia. Mlango aliusahau. Muuza jibini alileta kipande kizima cha jibini ya mbuzi, "kwa shujaa wetu," na wenye maduka walipita mmoja mmoja kumpa mkono. Odile alijibu wote kama anavyojibu mtu mwenye adabu: "Nilifanya kazi yangu tu." Kila alipolisema alijiona mwizi anayerudishiwa kwa shukrani kitu alichoiba.

Walipobaki wawili wakifunga, Josiane aliuliza bila kumtazama, "Yule mume hakuja kuomba msaada humu ndani?"

"Alikuja."

"Ikawaje?"

Odile alikuwa anafuta meza ambayo ilikuwa safi. "Hakusalimu," alisema.

Josiane alivaa koti, akachukua mkate wake, akaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu wafanye kazi pamoja hakuaga. Odile alibaki ameshika kitambaa, uso unawaka. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini yeye alijua kwamba bado hajavuliwa. Alikuwa amesimama mbele ya watu amevaa nguo ya sifa ambayo si yake, na hilo lilimuunguza zaidi.

Jumamosi duka lilijaa. Bwana Chazot alikuwepo, vidonge hana haja navyo, amekuja kuonekana karibu na shujaa. Mlango ukafunguka taratibu mno, kama vile aliyeusukuma anaomba ruhusa kwa ule mlango wenyewe. Akaingia yule mwanamume mwenye kofia yenye nakshi. Nyuma yake alikuwa mkewe, midomo imerudi, macho bado mazito, mkononi amebeba kitu kilichofungwa kwa kitambaa.

Mwanamume alisimama palepale kizingitini. Aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo.

Ndipo Odile alipoelewa. Mkono ule ule. Kichwa kile kile. Mkewe anakata roho barabarani, na mtu huyu alikuwa amesimama kwanza kumsalimu.

"Bonjour, Bibi," alisema mwanamume kwa Kifaransa alichokariri, neno kwa neno. "Bonjour, nyote. Naitwa Otabek. Mke wangu, Zulfiya. Tumetoka Margilan, Uzbekistan." Alimeza mate, akatafuta sentensi iliyofuata. "Juzi niliingia hapa vibaya. Bila heshima. Hoteli wamenipa karatasi yako, nimesoma. Sikujua. Naomba unisamehe."

Zulfiya alifungua kitambaa. Ndani mlikuwa na mkate wa duara wenye nakshi katikati, mkavu kwa safari, bila shaka wa mwisho walioubeba kutoka kwao. Alitazama meza ya duka, akamtazama mumewe, naye akamnong'oneza. Basi akatandaza kitambaa kwanza, ndipo akauweka mkate juu yake, kama karatasi ilivyoagiza.

Na mtu wa adabu akiombwa radhi anajibu nini? Odile alikuwa na jibu tangu utotoni, na mdomo wake haukumngoja.

"Si kitu, Bwana," mdomo ulisema. "Yamekwisha."

Watu wakatabasamu. Bwana Chazot akapiga makofi mawili. "Ona huyu," alisema, "huyu amejifunza." Zulfiya aliushika mkono wa Odile kwa mikono yake yote miwili, akaubana, kisha mume na mke wakaaga, "Kwaheri, Bibi, kwaheri nyote," hawakumsahau hata mmoja, wakatoka, mlango wakaufunga polepole.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Josiane kutoka kwenye rafu, si kwa sauti kubwa.

"Alinisalimu," alisema Odile.

"Ndiyo, na vizuri sana," alisema Bwana Chazot.

"Juzi. Alinisalimu juzi, Chazot, ulikuwepo. Ule mkono kifuani. Alinisalimu nami nikamtoa nje, na mkewe anakufa, na sasa nimemsamehe. Mimi nimemsamehe yeye!"

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja aliinamia mkoba wake kutafuta kitu ambacho hakimo.

"Sisi unatuambia ya nini?" alisema Josiane. "Aliyetolewa nje yuko nje."

Odile alitoka na koti lake jeupe. Walikuwa hawajafika mbali. Zulfiya bado alitembea kwa kupumzika. Otabek alisikia viatu nyuma yake, akageuka, akamwona mfamasia anakuja mbio, na rangi ikamtoka usoni. Haraka haraka aliuondoa mkono mfukoni akauweka kifuani.

"Nimekosea tena, Bibi?"

Watu walikuwa wanapita. Muuza jibini alikuwa ametoka mlangoni kwake. Odile aliona haya mpaka masikio yakamvuma, lakini safari hii hakutafuta mtu wa kumtwika haya hiyo. Aliinua kiganja chake akakiweka kifuani, vibaya, upande usio wake, akainamisha kichwa.

"Hukukosea," alisema kwa Kiingereza chake cha shule. "Juzi ulinisalimu. Nilikuona. Nikakufukuza, na mkeo yuko hapa nje anakufa. Mimi ndiye naomba radhi."

Otabek alimtazama mkewe, akamtazama tena Odile. Alitaka kujibu inavyopaswa, alitaka sana asiharibu. Akaingiza mkono mfukoni akatoa ile karatasi, imekunjwa mara nne na kuchakaa mikunjoni, akaanza kuipitia kwa kidole, mstari baada ya mstari, akitafuta katika mji huu mtu hujibu nini akiambiwa hivyo.

Odile alimwacha atafute. Aliyeiandika ni yeye, na alijua jibu hilo hakuliweka.