Nani Anayenyonya Betri

Ukoo wa mumewe ulimwita Hakimu, nyuma ya mgongo wake, ingawa maisha yake yote alikuwa fundi wa kushona mapazia. Hakuna aliyeingia nyumbani kwake akatoka bila hukumu. Jirani alikuwa na sauti ya tarumbeta iliyopasuka. Mkwewe mpya alitembea kama anayeogopa kuamsha kuku. Hukumu nzito kuliko zote ilimwangukia shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza friji mmoja mwenye maneno mengi, ambaye Hakimu mwenyewe alimbatiza Mtaalamu.

Ugomvi wao ulikuwa karavani. Ndugu wale wawili waliinunua kwa pamoja: nyumba ndogo ya magurudumu, ya kuvutwa na gari, yenye vitanda viwili, sinki, feni na taa za betri. Mara moja kwa mwaka familia ilikwenda nayo ziwani. Miezi mingine yote ililala nyuma ya nyumba ya Hakimu, chini ya turubai, na kila ikifunuliwa, betri haina moto.

Safari ilipokaribia, Mtaalamu alikuja kuikagua. Akachungulia kwenye sanduku la betri, akashika kiuno.

"Haina moto tena."

"Na wewe unao?" Hakimu akamwuliza.

"Shemeji, kuna vitu vinanyonya hata karavani ikiwa imelala. King'ora cha kuonya gesi ikivuja, saa ya redio. Kidogo kidogo, mpaka betri inakauka."

"Kama unavyoninyonya masikio. Haya, dawa yake nini?"

"Unaijaza moto, halafu unafungua waya wa hasi. Hapo hakuna cha kunyonya."

"Dawa unaijua, na mgonjwa anakufa kila mwaka! Mzee, unamsikia mdogo wako?"

Mumewe, mpima ardhi mstaafu, alikuwa ameketi kizingitini. "Namsikia," akasema, akiangalia viatu vyake. Mtaalamu akamtupia kaka yake jicho, akainamisha kichwa, akaibeba betri kwenda kuichaji. Hakimu aliliona jicho lile. Akalihesabu kuwa ni upumbavu wa kawaida wa ukoo ule.

Betri iliporudi imejaa, aliona kazi isiachiwe wanaume wa aina ile. Alishika spana mwenyewe, akafungua waya wa hasi, akauviringishia kitambaa, akalifunga turubai kwa fundo lake la kufungia mapazia. Siku chache baadaye alipita pale na beseni la nguo. Fundo lilikuwa la mtu mwingine. Na waya ulikuwa umerudi kwenye betri, umekazwa barabara.

Nani mwingine mwenye mikono isiyotulia? Akampigia Mtaalamu simu papo hapo.

"Unaingia kwangu kama kibaka kuja kuchezea waya? Mtu mzima hovyo!"

Upande wa pili Mtaalamu akakohoa. Kisha: "Nisamehe, shemeji. Ni mimi."

Ushindi ulimnogea, na ushindi bila shahidi una raha gani? Akampigia na wifi yake, mke wa Mtaalamu, amsimulie. Wifi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Lakini wifi, mume wangu yuko safarini tangu siku ileile aliyowarudishia betri. Amepeleka friji mji mwingine."

Hakimu akakata simu bila kuaga. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, akatangaza kwamba anakwenda dukani. Akatoka na kikapu kwa mlango wa mbele, akazunguka nyumba. Pembe moja ya turubai ilikuwa imefunuliwa. Ndani redio ilikuwa inaimba, na mtu alikuwa anaimba pamoja nayo.

Akafungua mlango. Mumewe alikuwa amejilaza kitandani, viatu amevua, feni inampepea, taa imewaka.

"Unafanya nini humu?"

Mzee akazima redio. "Nakaa."

"Nyumba nzima haikutoshi?"

"Inatosha. Lakini huko nikiimba, nalia kama bawaba yenye kutu. Nikinyamaza, nimekuwa gogo. Humu hakuna kesi."

"Na huyo mdogo wako alijua?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Mimi ndiye niliyemwomba anifichie. Akasema bora umtukane yeye, ameshazoea."

Hakimu alikuwa na la kusema. Lilikwisha fika kwenye ncha ya ulimi. Ndipo macho yake yakaangukia soksi za mumewe. Moja ilikuwa imetobolewa na kidole gumba, ikashonwa kwa uzi mweupe, mishono imepishana kama nyayo za mlevi. Mume wa fundi, ndani ya nyumba yenye cherehani mbili, alikuwa amejishonea soksi mwenyewe, kwa siri, asije akasikia neno.

"Umeshona vibaya," akasema. Kisha akatoka na kikapu chake kitupu.

Mtaalamu aliporejea, alimkuta amesimama getini.

"Wewe. Lete waya mrefu wa umeme na chaja, uvifunge kwenye hiyo karavani. Kaka yako anakaa humo, na betri ni ya watu wote."

Mtaalamu akamkodolea macho.

"Usinitolee macho. Hujapata akili ghafla. Friji zako zinavuja na maneno yako hayaishi." Akatafuta neno lingine, akalikosa, akatafuta tena. "Ila umekosewa."

"Nimesikia, shemeji," Mtaalamu akasema, akaingia kazini kabla Hakimu hajabadili hukumu.

Mwaka ule taa za karavani ziliwaka tangu nyumbani mpaka ziwani. Waliporudi, mzee aliendelea kwenda kule nyuma kila baada ya chakula cha mchana. Hakumwalika mkewe aingie, na mkewe hakuomba.