Mwajiri wa Verlon Stubbs

Verlon Stubbs alikuwa na lori moja na dereva mmoja, na dereva huyo ni yeye mwenyewe. Sheria ya Marekani haijali hilo. Kila dereva wa lori kubwa lazima jina lake liingie kwenye bahati nasibu ya kupimwa mkojo kutafutwa dawa za kulevya, na kwa kuwa mtu hawezi kujichagua mwenyewe, anajiunga na chama kinachomchagulia. Bahati nasibu nyingine zote Verlon hajawahi kushinda hata fulana. Hii ilimpenda, mtu ambaye hata sigara hajui inavutwaje.

Safari hii simu ilimkuta nje kidogo ya mji wa Joplin, nyuma amebeba kuku wa barafu. Ukiitwa unakwenda papo hapo. Kliniki haikuwa na pa kuweka lori, akaegesha kwenye uwanja wa duka la magodoro jirani. Kisha, kwa mazoea tu ya watu wa barabarani, akachukua chupa yake ya haja ndogo akaijaza kabla hajashuka. Alipokuwa anafunga kizibo ndipo akili ikamrudia. Alijitukana mpaka mlangoni.

"Sina kitu," akamwambia mpimaji, mwanamke wa makamo aitwaye Colleen.

"Basi kaa unywe maji, baba. Una muda wa saa tatu. Ila nakwambia mapema, ukitoka mlango ule kabla hujanipa, umekataa. Na kukataa ni sawasawa na kukutwa na bangi."

"Hata nikitoka kuvuta hewa?"

"Hewa ipo humu humu. Hiyo sheria sikuitunga mimi."

Akanywa, akangoja, akanywa tena. Tumbo likajaa, kibofu kikagoma. Alikuwa amesimama dirishani anakilaani alipoona gari la kuvuta magari linarudi nyuma kuelekea lori lake.

Akagonga kioo. Jamaa wa gari lile alikuwa ameziba masikio kwa vile vidude vya muziki. Verlon akapiga namba iliyoandikwa kwenye bango la duka. Ikaita mpaka ikakatika.

"Dada, nenda wewe ukamwambie. Neno moja tu."

"Siruhusiwi kukuacha peke yako na vikopo."

Minyororo ikaanza kufungwa. Lori lile ndilo kazi yake, ndilo nyumba yake, ndilo kila kitu. Verlon akatoka mbio.

Jamaa hakuwa mbaya. "Mwenye duka kalalamika, mzee. Nakupa dakika kumi uliondoe."

Verlon akarudi anahema, na kukimbia kule kulikuwa kumeshafanya kazi yake.

"Nipe kikopo, dada. Sasa ninao, tena tele."

Colleen alikuwa ameshavua glavu. "Ulitoka, baba."

"Si ulikuwa unaniona dirishani muda wote?"

"Nilikuona. Ndiyo maana siwezi kusema sikukuona." Akashika simu. "Chama chako nitawaambia. Na mwajiri wako pia lazima ajue. Ni nani?"

"Mimi."

Colleen akaweka simu chini. Ilionekana wazi kwamba hakupenda kuyasema aliyoyasema. "Basi dereva wako amekataa kupimwa. Tangu sasa asiguse usukani mpaka aonane na mtaalamu, apimwe upya, asafishwe jina. Itachukua miezi."

Verlon aliona hasira, na hakuwa na wa kumpiga wala wa kumshitaki. Akaingia chooni akakojoa bure, kirefu, mkojo safi wa mtu asiye na hatia, akavuta maji.

Alipotoka, jamaa wa gari la kuvuta alikuwa mlangoni.

"Mzee, muda umekwisha. Liondoe basi."

Verlon akautazama ufunguo mkononi, kisha akamkabidhi.

"Siruhusiwi kuliendesha. Livute tu. Ila friji ya nyuma usiizime, kuku ni wa watu."