Sampuli ya Kumi na Saba

Spana, fundi magari, alifika maabara amejishika kiuno na bado anatania. Alimwuliza dada yake, aliyekuwa mpimaji pale, kama mawe yaliyokuwa figoni mwake yangetosha kujengea banda la kuku. Dada akacheka, akamtoa damu, akampa kikopo cha mkojo.

Damu ikasema figo ni nzima. Daktari naye akasema jiwe ni dogo, litashuka lenyewe, anywe maji kwa wingi. Dada akashusha pumzi. Alijua fika kwamba jiwe likiziba figo moja, ya pili hubeba kazi ya zote mbili na damu isionyeshe kitu. Tena pale pale walikuwa wakifanya utafiti wa protini ambayo figo ikianza kuumia tu huimwaga kwenye mkojo. Lakini huyu alikuwa mdogo wake, na habari njema ya mdogo wako nani ataigomea?

Mkojo wa Spana uliingizwa kwenye utafiti, ukaandikwa namba kumi na saba, ukawekwa kwenye friza. Vipimo vya protini hiyo vilikuja katika pakiti moja ya kutosha sampuli arobaini, na pakiti ikifunguliwa hutumika yote siku hiyo hiyo. Basi wakasubiri wagonjwa watimie.

Spana alipiga simu mara mbili tatu.

"Dada, bado pananiuma."

"Kunywa maji, bwana. Damu yako nimeipima mwenyewe."

Mwezi wa pili maumivu yakakoma. Wakafurahi wote wawili, masikini, wakadhani jiwe limetoka.

Mgonjwa wa arobaini alipatikana mwezi wa tano. Mashine ikatoa majibu, na namba kumi na saba ilikuwa mara ishirini ya kawaida. Mchana huo huo Dada alimfuata Spana gereji, akamvuta na grisi zake mikononi hadi hospitali, chumba cha kupigia picha za figo. Jiwe lilikuwa pale pale. Figo ya kushoto ilikuwa imekufa, imebaki mfuko wa maji, na sasa ilikuwa ya kutolewa.

Alimweleza yote wodini, hakujitetea. Spana alisikiliza akitazama kucha zake.

"Hilo friza liko mbali na meza yako?"

"Hatua sita."

"Ungeweza kunipimia wangu peke yake?"

"Pakiti ingeharibika. Wangenifukuza, labda." Akajifuta uso. "Ningeweza."

Dada alitamani atukanwe, maana matusi angeyabeba. Moyo ulimuuma kuona mdogo wake anatafuta namna ya kumsitiri.

"Mama asijue," Spana akasema mwishowe. "Ana presha. Mwambie haikuonekana mapema."

Dada akatoka kwenye korido, akampigia mama. Akasema kama alivyoagizwa, kwamba haikuonekana mapema. Mama alilia sana. Alipotulia, akaanza kushukuru.

"Afadhali wewe uko hapo hospitali, mwanangu. Angekuwa mikononi mwa watu baki, si tungemzika?"

Dada akaegemea ukuta. Wauguzi walikuwa wakipita na vitanda.

"Ndiyo, mama," akasema.