Mama Asiye na Namba ya Nyumba

Jumanne moja, saa tatu asubuhi, Amondi aliandika jaribio kabla hata ya kunywa chai. Ofisi yao ilikuwa Makadara, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, na walikuwa wakitengeneza programu ya kuwaitia ambulensi akina mama wanaotaka kujifungua. Amondi alikuwa amefunzwa kuanza na jaribio: unaeleza jambo ambalo programu inapaswa kulifanya, unaiona ikishindwa kwa rangi nyekundu, halafu unaiandika mpaka nyekundu igeuke kijani. Basi akaeleza mama mmoja. Jina, Waithera. Umri, miaka ishirini na tisa. Mimba, miezi tisa. Makazi, Kiamaiko. Namba ya nyumba aliiacha wazi, kwa sababu nyumba nyingi za huko hazina namba. Ambulensi ilipaswa kuja.

Haikuja. Jaribio lilikuwa jekundu, na saa tatu na robo Waithera akaingia mlangoni, mkono kiunoni, akauliza akae wapi.

Caleb, mwandishi wa programu mwenzake Amondi, aliondoa begi lake kwenye benchi. "Karibu, mathe. Kuna chai."

Waithera hakuwa na mengi ya kusimulia. Winny wa mapokezi alipomuuliza baba ya mtoto ni nani, alifikiri kidogo, akasema hilo halikuandikwa.

Saa tatu na nusu walifanya mkutano wao wa kila siku, ule wa kusimama, ambapo kila mtu husema alifanya nini jana, atafanya nini leo, na nini kinamzuia. Waithera naye alisimama. Zamu ikamfikia.

"Jana sikuwepo," alisema. "Leo nasubiri ambulensi. Kinachonizuia ni namba ya nyumba."

Njogu, mwenye kampuni, aliyaandika hayo kwenye karatasi ya njano na kuibandika ubaoni, upande wa sprinti ijayo, yaani awamu ya kazi itakayoanza wiki mbili mbele.

"Boss, hii ni kazi ya siku mbili," Amondi alisema. "Tuwaache watu waseme wako nyuma ya machinjio, ama karibu na kanisa fulani. Dereva atafika."

"Mkataba unasema namba ya nyumba. Mteja akitaka machinjio, atasema."

Tatizo lilikuwa uchungu. Kila mara mtu alipoyaendesha majaribio, uchungu ulimshika Waithera, na haukumwachia mpaka yaishe, sekunde arobaini hivi. Walikuwa wamezoea kuyaendesha kila baada ya dakika chache. Wakaanza kuyaendesha mara moja kwa saa, kisha mara mbili kwa siku. Makosa yakazidi kwenye programu. Winny alimnunulia mto. Wiki mbili zilipokwisha, Njogu aliihamisha karatasi ya njano kwenye sprinti nyingine.

Ndipo Amondi akaifanya kazi hiyo mwenyewe, saa za chakula cha mchana, bila kumwambia mtu. Ilimchukua siku nne. Alhamisi, saa nane mchana, jaribio likawa kijani, na ambulensi ikasimama barabarani mbele ya duka la rangi. Waithera alishika reli ya ngazi na kuanza kuteremka. Alikuwa amefika kwenye ngazi ya sita wakati Njogu, aliyekuwa ameiona kazi hiyo kwenye kompyuta yake, alipoifuta.

"Siwezi kumpa mteja kitu asichokiomba," alisema. "Unaelewa, Amondi?"

Ambulensi iliondoka tupu. Lori la kuleta rangi likapata mahali pa kuegesha. Amondi alimpandisha Waithera polepole, wakipumzika kila baada ya ngazi mbili.

Ijumaa wateja walikuwa wanakuja kutazama. Njogu alimwomba Caleb aongeze neno moja juu ya lile jaribio, neno la kuiambia kompyuta iliruke. Caleb aliliongeza bila kumtazama Amondi. Uchungu wa Waithera ukakoma, ila tumbo lilibaki vilevile.

"Unasikiaje sasa?" Amondi alimuuliza.

"Sisikii kitu."

Wateja wanne walionyeshwa majaribio mia mbili na kumi na tatu, yote kijani. Walipiga makofi. Mmoja wao alimwomba Waithera asogee kidogo asiingie kwenye picha.

Programu ilianza kazi Jumatatu iliyofuata. Jumatatu ya pili, Amondi aliwakuta wanawake wengine watatu wameketi kwenye benchi. Aliwauliza majina, akayatafuta katika majaribio yote, mstari kwa mstari. Hayakuwemo. Hawa walikuwa na majina ya baba zao, na vitambulisho, na matope kwenye ndara. Aliyekuwa karibu naye aliitwa Wanja.

"Nilipiga simu mara saba," Wanja alisema. "Inaniuliza namba ya nyumba. Nasema niko nyuma ya machinjio. Inaniuliza tena namba."

"Na mtoto?"

Wanja alifunua leso aliyokuwa ameikumbatia, akamwonyesha mtoto asiyepumua. Kisha akaifunika vizuri, akiikunja pembe moja ndani kama mtu anayekinga baridi. Amondi aliwaletea chai, vikombe vitatu.

Mkutano wa siku hiyo ulichukua dakika arobaini, kwa sababu kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu kinachomzuia. Njogu alisema mikutano ya namna hiyo haifai kupita dakika kumi na tano. Kuanzia Jumanne, walioketi kwenye benchi hawangepewa zamu.

Jumanne walisimama kama kawaida. Zamu ilipomfikia Amondi, alisema jana alibadilisha rangi ya kitufe, leo atabadilisha kitufe kingine, na hakuna kinachomzuia.