Mvi za Karatasi

Bwana Stempu hakuwa na mke, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na redio inayoshika vizuri, na tangu Jumatatu hakuwa na bahasha zake za zamani. Bili za umeme na za maji zilikuwapo sandukuni, lakini bahasha zilizozileta zilikuwa zimeyeyuka.

Hilo lilimnyima raha. Miaka thelathini na moja alipanga barua posta, akajua kwamba mwizi mjanja haibi barua, huiba anwani.

Nyumbani walikuwa wawili tu: yeye na mke wa mwanawe, aliyeachiwa amtunze mzee wakati mumewe alipokwenda kufanya kazi mbali. Kila alasiri mwanamke huyo alijifungia chumbani, na mkasi ukasikika kra, kra.

"Unafanya nini humo, mwanangu?"

"Kazi ndogo tu, baba."

"Kazi gani isiyotaka mlango wazi?"

"Upepo, baba. Unanipeperushia."

Jumatano zikatoweka tiketi za basi mfukoni mwa koti lake. Alhamisi, pakiti tupu za majani ya chai. Akamweleza jirani yake kinyozi.

"Mzee, huyo anaghushi hati ya nyumba," kinyozi alisema, wembe ukiwa shingoni mwa mzee. "Utaamka uambiwe umepanga kwako mwenyewe."

"Usinitie maneno, na uangalie hiyo shingo."

Lakini maneno yalikuwa yameshaingia. Akamwandikia mwanawe ukurasa mzima: njoo umchukue mkeo, ananinyang'anya nyumba kidogo kidogo. Hakuifunga barua. Alitaka kwanza aone ushahidi kwa macho yake.

Ijumaa mkwewe alipokwenda jikoni kukoroga gundi ya unga, mzee akanyata, akasukuma mlango.

Juu ya ubao alikuwa amekaa marehemu mkewe.

Uso ulikuwa wa pakiti za chai, bangili za tiketi za basi. Gauni lilikuwa la buluu yenye vidoa, lile lile la Jumapili. Akainama, akaligusa. Ilikuwa ile rangi inayochapwa ndani ya bahasha ili barua isisomeke kwa nje. Miaka yote ile alisoma migongo ya bahasha. Matumboni mwake hakuwahi kuchungulia.

"Baba! Nilitaka uione picha ikishakamilika." Mkwewe alisimama mlangoni na bakuli la gundi.

"Hati ya nyumba iko wapi?" Ulimi ulimponyoka.

"Si chini ya godoro lako, ulikoiweka? Nikitandika naizunguka."

Mzee akakohoa. "Na mbona hana nywele?"

"Zimenishinda. Mama alikuwa na mvi. Karatasi nyeupe inakuwa kama bendeji, na gazeti ni jeusi mno."

Mzee akatoa ile barua mfukoni, akaichana vipande vyembamba kama nyuzi, akampa. Mkwewe akasoma kimoja, akasoma cha pili.

"Mwandiko wako mzuri, baba," akasema.

"Nilisoma shule ya jioni."

"Niweke maneno juu au chini?"

"Juu. Niyaone kila siku."

Wino na weupe vikashikana; mvi zikakaa.

Mzee alikwenda chumbani kwake, akainua godoro kidogo, akalishusha. Kisha akaandika: "Mwanangu, njoo umwone mama yako. Na umshukuru mkeo, mimi nimechelewa." Akachungulia ndani ya bahasha mpya, akailamba, akaifunga, na akaenda mwenyewe kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.