Propela Nyepesi ya Kaka

Propela ya kaka ilifika wiki moja baada ya mazishi yake. Nilifungua boksi sebuleni, mama akiangalia. Ndani mlikuwa na bomba refu, jeusi, la nyuzi za kaboni. Nililinyanyua kwa mkono mmoja, nikadhani kuna kipande wamesahau kutuma.

Propela ndiyo inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi magurudumu ya nyuma. Ya zamani ilikuwa ya chuma. Kaka alishikilia kwamba uzito wake ndio unaolifanya gari lizubae kilimani na kuvuma njia nzima. Kila kaka aliporudi, mama aliusikia mvumo huo tangu kona, akafungua geti kabla ya honi. Fundi, rafiki wa kaka tangu utotoni, alisema ni matairi. Walibishana mwaka mzima. Nilitaka kujua nani alikuwa sahihi, maana mmoja wao hawezi tena kujibu.

"Hii ndiyo aliyouzia redio?" fundi aliuliza nilipoipeleka gereji.

"Na kitanda."

"Kichwa ngumu, Mungu amrehemu."

Aliingia chini ya gari, kisha akaniita. Kwenye propela ile ya chuma palikuwa na alama ya rangi nyeupe, na nyingine kwenye difu, pale inapoungana na ekseli ya nyuma, zikitazamana.

"Za kaka yako hizi. Mtu huweka alama akijua huenda akairudisha ya zamani palepale."

"Kwa hiyo naye hakuwa na uhakika?"

"Mwaka mzima ananitukana, kumbe."

Alicheka, halafu akakaa kule chini muda mrefu bila kufungua bolti hata moja.

Tulipofunga mpya, tulipanda kilima, mimi nikiendesha. Niliona gari limechangamka.

"Ni hamu yako ya kuamini, dada, ndiyo inayokanyaga mafuta," fundi alisema.

Tukateremka hadi nyumbani. Geti lilikuwa limefungwa. Tukangoja. Mwishowe nikapiga honi.

Mama alitoka akifuta mikono kwenye kanga.

"Kumbe ni nyie? Mbona sikuwasikia?"

Fundi alinyoosha mkono, akazima injini. Matairi yalikuwa yaleyale.

"Haya, ndugu yangu," aliuambia usukani. "Umeshinda."

Mama alichungulia kiti cha nyuma.

"Ile ya chuma mmeitupa?"

"Ipo kwenye buti, mama. Kaka aliiwekea alama ya rangi."

"Msiifute rangi yake," alisema, akaenda kufungua geti lote.